Sigaa ya vanila na naftalini hazilali kabati moja

Wiki hii sizungumzii mapenzi wala mitindo ya nywele. Nazungumzia moshi. Na kabla mama mmoja hajanirukia na kandambili mkononi, niseme mapema kabisa: mimi sivuti, na sina mpango wa kumfundisha mtu kuvuta. Lakini nina macho, nina pua, na nakaa kijiweni. Ninachokiona siku hizi ni kwamba vijana wa mjini wamegundua sigaa.

Sigaa, kwa wale ambao hawajakutana nayo, ni ile sigara nene ya kahawia isiyo na karatasi, majani matupu yaliyoviringishwa jani juu ya jani. Zamani tukiiona kwenye sinema tu, mdomoni mwa tajiri mwenye kitambi. Sasa hivi ukienda kwenye sendofu utamkuta bishoo kasimama karibu na spika, suti ya kuazima, sigaa hata haijawashwa, anaishika tu apigwe picha. Na siyo sigaa ya kawaida. Siku hizi kuna zenye marashi: vanila, cheri, kahawa, chokoleti, ramu. Ukipita karibu unadhani kuna mtu anaoka keki.

Ubishoo huo hauna neno, kila kizazi na mapozi yake. Kimbembe kinaanza pale mtu anaponunua boksi zima halafu hajui pa kuliweka. Hapo ndipo mshikaji wangu mmoja wa Katesh, fundi simu, alipokaribia kukosa mke.

Mshikaji huyu ana binamu yake Arusha anayeendesha magari ya watalii. Mgeni mmoja wakati anaondoka akamwachia binamu boksi la sigaa ishirini na tano za vanila, na binamu akampa mshikaji. Ilikuwa Desemba. Posa ilikuwa imepangwa Julai, kwa wazee wa Kiiraqw kule Dongobesh, wilaya ya Mbulu. Fundi akapiga hesabu zake: wazee wanapenda tumbaku, tumbaku hii ni ya Ulaya, na tumbaku kama asali, kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga. Akalisokomeza boksi kabatini, kati ya suti yake ya posa na shuka za mgeni, akafunga. Chumba chenyewe kimeezekwa bati, hakina dari. Mchana wa Februari humo ndani unaweza kukaanga yai, usiku upepo wa mlima Hanang unakung'uta meno. Na kwa vile alikuwa anailinda ile suti na nondo, kabati lilijaa vidonge vya naftalini.

Unaona tunakoelekea?

Julai ikafika. Msafara ukaondoka Katesh: mshenga, wazee wawili, bwana harusi mtarajiwa, na mimi wa kubeba mizigo. Tukapokewa vizuri, "Saita" kwa huku na kwa huku, tukakaa. Asali ikapokelewa, blanketi la mama likapokelewa. Kisha mshenga kwa madoido akalitoa lile boksi, akalifungua mbele ya babu wa binti, mzee wa miaka zaidi ya themanini ambaye pua yake imevuta ugoro tangu enzi za mkoloni. Babu akachukua sigaa moja. Ikapasuka ganda mkononi kama ubuyu. Akainusa. Akainusa tena. Akamtazama mshenga.

"Bwana mshenga, hii ni tumbaku au ni dawa ya mende?"

Nilitaka kucheka nikauma ulimi, maana hakuna mwingine aliyecheka. Baba mdogo wa binti, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, ndipo akatia neno lake, taratibu, akiangalia chini: "Sisi tunamtazama mtu na anavyotunza vitu. Kama majani makavu yamemshinda kutunza miezi saba, mtoto wetu atamweka wapi?"

Wacha we! Nilimwona mshikaji jasho linamchuruzika na baridi ile ya Mbulu. Tukaambiwa turudi mwezi unaofuata, na tuje na tumbaku "inayonuka tumbaku". Nisikuweke roho juu: tulirudi, na tumbaku ya kusokota iliyonunuliwa mnadani Katesh, safari hii akiwa ameihifadhi mshenga mwenyewe nyumbani kwake, na mambo yakaisha salama. Lakini ule mwezi mmoja mshikaji alikonda.

Sasa twende kwenye kiini. Ile naftalini iliingiaje ndani ya sigaa ambazo zilikuwa kwenye boksi lililofungwa?

Jani la tumbaku lililokaushwa ni kama sifongo. Linavuta maji yaliyomo hewani, likiwa sehemu kavu linayatoa, na pamoja na maji linavuta harufu yoyote iliyo jirani. Halichagui. Ukiliweka na marashi litanukia marashi, ukiliweka na mafuta ya taa litanuka koroboi. Hao hao watengenezaji wa sigaa za vanila wanautumia udhaifu huo: jani linanyunyiziwa au kuchovywa kwenye marashi, au linafungiwa chumba kimoja na vitu vya kunukia mpaka linywe harufu. Basi lililonywa vanila kiwandani likanywa naftalini Katesh. Jani halina kosa.

Baada ya hali ya hewa kutulia, babu alinionyesha anavyoweka ya kwake. Alinionyesha mimi kwa sababu ndiye niliyeuliza, wenzangu walikuwa wanatafuta namna ya kuondoka. Akatoa kibuyu kidogo chenye mfuniko wa ngozi unaobana hasa, ndani kuna tumbaku iliyosokotwa ikaviringishwa kwenye jani kavu la mgomba. Alipofungua, harufu ilikuwa nzito, tamu kidogo, kama ya zizi safi na asali. Niliuliza amefanyaje.

"Usiwe na haraka, mjukuu wangu. Jani likitoka shambani lina hasira."

Hasira zenyewe zinatolewa hivi. Majani yanatundikwa ndani chini ya paa, kivulini, wala si juani, mpaka yageuke kahawia yenyewe. Kisha yanalundikwa pamoja, yanafunikwa, yanaachwa yachemke. Lundo linapata joto bila moto, na harufu kali inayokata pua, kama ya mkojo wa ng'ombe, inatoka. Lundo linapinduliwa, linafunikwa tena. Harufu ile ikiisha, ndipo jani linasokotwa na kuingia kibuyuni. Hiyo harufu ya kukata pua ni amonia, hata mimi niliyeikimbia kemia kidato cha nne hilo nalijua.

Na hapa ndipo nilipomvulia babu kofia. Tumbaku kubwa ya nchi yetu, ile ya Tabora na Urambo, ni ya sigara. Inakaushwa kwa joto la moto kwenye mabani, haraka haraka, ibaki ya njano. Kule Ruvuma ipo nyingine inayokaushwa kwa moshi wenyewe. Lakini jani la sigaa, la Cuba au Nicaragua au Jamhuri ya Dominika, halipitishwi kwenye moto. Linatundikwa kwenye banda lipigwe na hewa kwa wiki kadhaa, halafu linalundikwa malundo makubwa lichemke lenyewe na kupinduliwa mpaka amonia itoke. Kwa njia, basi, babu wa Dongobesh yuko karibu na Cuba kuliko alivyo karibu na Tabora, na pasipoti hana.

Jambo lingine alilonifungua macho babu ni nyumba. Wairaqw wa zamani walijenga tembe zilizochimbwa kwenye mteremko wa kilima, nusu ndani ya ardhi, paa la udongo. Waliofundishwa historia watakwambia ilikuwa ni kujificha maadui wanaokuja kuswaga mifugo, na ni kweli. Lakini nyumba ya namna hiyo haipati joto mchana wala haipozwi sana usiku, na unyevu wake hautikisiki. Wazungu wenye pesa wananunua sanduku maalum la mbao la kuhifadhia sigaa, bei yake unapata mbuzi kadhaa, ili wapate kitu kile kile ambacho udongo wa Mbulu ulikuwa ukikitoa bure. Kisha sisi tukaleta bati. Siwadharau wenye bati, nami nalala chini yake. Ila tumbaku hailipendi.

Kwa ugoro habari ni tofauti kidogo. Ugoro ni tumbaku iliyosagwa ikachanganywa na magadi, na magadi ndiyo yanayoifanya nikotini itoke upesi na kupenya, ndiyo maana unapiga chafya mpaka unaona nyota. Unga unakauka haraka kuliko jani zima, kwa hiyo wazee hawaweki mwingi: wanasaga kidogo, wanaweka kwenye pembe au kikopo kidogo chenye mfuniko wa kubana. Miaka ya tisini chombo bora kilikuwa kile kikopo cheusi cha filamu ya kamera. Tangu simu zianze kupiga picha, wazee wamebaki yatima. Mmoja alimuuliza fundi wetu kama hana vikopo vya filamu dukani. Fundi simu!

Na wapo wasio na shida hii kabisa. Ukishuka kutoka Mbulu kwenda bonde la Yaeda Chini utawakuta Wahadzabe, wanaovutia tumbaku kwenye viko vifupi vya jiwe laini. Kwa muda mrefu wamekuwa wakiipata kwa majirani kwa kubadilishana na asali. Ikifika, kiko kinazunguka, kila mtu anavuta kwa nguvu mpaka akohoe, habari imeisha. Mtafiti Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, amewaeleza kama watu wanaokitumia wanachokipata bila kulimbikiza. Wao hawahitaji ushauri wa safu hii.

Wewe msomaji wangu uliyelimbikiza ndiye mwenye shida, kwa hiyo sogea.

Kwanza itoe hiyo sigaa kabatini. Kabati la nguo lina sabuni, lina manukato, lina naftalini, lina soksi. Jikoni usithubutu, vitunguu na dagaa havina huruma. Sigaa yenye marashi inataka chombo chake peke yake, cha kioo, chenye mfuniko wenye mpira wa kubana. Plastiki ngumu inayofunga vizuri inafaa pia, ila siyo kopo lililokuwa na mafuta ya kupikia, hilo halitoki harufu hata ulioshe na mchanga. Wale wenye sanduku la mbao wasiweke humo zenye marashi hata siku moja. Mbao inakunywa vanila, na kuanzia siku hiyo kila kitakachoingia humo kitatoka kinanukia keki. Na usichanganye: vanila na vanila, cheri na cheri. Ukiweka ramu na chokoleti na cheri chombo kimoja miezi mitatu, utapata harufu moja tu, ya saluni.

Pili, unyevu. Sigaa inapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Chini ya hapo inakauka, ganda linapasuka, marashi yanaruka, na moshi unakuwa wa moto unaochoma ulimi. Juu sana, ukivuka asilimia 75 na kuna joto, ukungu unaota, ule wa manyoya wa kijani au mweupe, na ukishaota tupa. Hanang na Mbulu kuanzia Juni mpaka Oktoba ni kukavu, upepo unafyonza hata midomo, kwa hiyo adui mkubwa huku ni ukavu. Pwani ni kinyume chake.

Utajuaje asilimia? Hapa vijana wa Katesh mna bahati. Kile kipimo kidogo cha unyevu kinachowekwa kwenye mashine za kutotolea vifaranga ndicho hicho hicho. Muulize jirani mfuga kuku. Lakini vipimo hivyo vya bei poa vinasema uongo, kwa hiyo kikague: chukua kifuniko cha soda, weka chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito, siyo iyeyuke yote. Kifungie na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa, uache mpaka kesho. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi namna hiyo inakaa kwenye asilimia 75. Kipimo chako kikisoma 70, ujue kinapunguza tano, ongeza mwenyewe kichwani. Ila tumia chumvi safi ya dukani. Ile ya ziwa Balangida waachie ng'ombe, ina mambo mengine ndani.

Kuongeza unyevu, kata kipande kidogo cha sifongo kipya, kiloweshe, kikamue, kiweke kwenye kifuniko ndani ya chombo, kisiguse sigaa. Maji yawe yale yaliyotoneshwa yanayouzwa maduka ya dawa, maana ya bomba yana chumvichumvi zinazoziba sifongo na kukaribisha ukungu. Kuna watu wanaweka kipande cha kiazi au tufaha badala ya sifongo. Babu pia huwa anaweka kiazi kibuyuni tumbaku ikikauka, lakini anakitoa jioni ile ile. Wewe utakisahau, nakujua, na kiazi kilichosahauliwa ni shamba la ukungu.

Kama zimeshakauka usizikimbilie na maji. Sigaa kavu ikiloweshwa ghafla tumbo linavimba, ganda linapasuka. Ipandishe polepole, wiki mbili tatu nne. Itarudi laini. Marashi yaliyoruka hayarudi.

Tatu, kuna mdudu. Mdogo, wa kahawia, mfano wa fukusi wa mahindi. Mayai yake yanaweza kuwa yamejificha ndani ya jani tangu kiwandani, hayana habari na mtu mpaka chumba kipate joto, nyuzi 24 hivi na kuendelea. Hapo yanaanguliwa, na funza anatoboa sigaa kama anatengeneza filimbi. Ukiona tundu la ukubwa wa pini na unga unga chini ya boksi, wameamka. Dawa yake ni friza, na siyo ile ya kuuzia soda ambayo inafunguliwa kila dakika. Funga sigaa kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, friza siku tatu. Zihamishie friji la kawaida siku moja, kisha ziweke nje bila kufungua mfuko mpaka zipoteze ubaridi wote, la sivyo zitatoka jasho na kulowa. Mifuko miwili, nasisitiza, kwa sababu friza nyingi mitaani kwetu zina sato ndani.

Haya, tuje kwenye swali lililomponza fundi: je, sigaa yenye marashi inanoga ikikaa?

Hapana. Wapo watakaonipinga, waandike barua. Sigaa tupu, isiyo na marashi, iliyotengenezwa kwa jani zuri, ndiyo inayokaa mwaka, miwili, mitano, ikizidi kutulia. Mabaki ya amonia yanamalizika, ukali unashuka, harufu za majani ya ndani na ya nje zinazoeana. Ni kazi ile ile ya lundo la babu, ikiendelea taratibu ndani ya boksi. Lakini marashi yaliyoongezwa ni mepesi, yanaanza kuondoka siku unapofungua. Ukiiweka mwaka mzima unazeesha jani na kupoteza vanila, na mara nyingi kilichobaki chini ni jani la kawaida tu, maana marashi mengi duniani kazi yake ni kufunika jasho. Siyo yote, lakini mengi. Miezi sita, ukiwa mtunzaji hodari labda mwaka, basi. Nyingi zinakuja na karatasi ya plastiki kila moja na yake: usiivue, inachelewesha kidogo.

Ningeishia hapo kama siyo jambo lililotokea kwa mshikaji wangu baada ya posa. Zile sigaa zilizobaki alizifanyia yote niliyoyaandika hapa. Chupa kubwa ya kioo, sifongo, kipimo cha vifaranga, kivuli chini ya kitanda. Wiki tano. Naftalini ilipungua kiasi, vanila ikabaki kwa mbali. Alikuwa anafungua kila Jumapili kunusa, anafurahi kama mtu anayeangalia kuku anaatamia.

Jumapili moja akahesabu akakuta zimepungua tatu.

Mdogo wake yuko darasa la saba. Alikutwa nyuma ya choo, rangi imembadilika, anatetemeka, anatapika kila alichokula tangu asubuhi. Akapelekwa zahanati, akakaa chini ya uangalizi mpaka jioni, akapona. Sigaa moja nzima ina nikotini nyingi kuliko sigara ya kawaida, mara kadhaa, na yule dogo alikuwa anaivuta mpaka kifuani kama anavyowaona wavuta sigara, wakati wenye sigaa zao wengi hawaumezi moshi. Walipomuuliza kwa nini, hakusema alitaka kuwa mwanaume wala nini.

"Kaka, si ilikuwa inanukia biskuti?"

Hilo jibu limenikaa kichwani kuliko la babu. Hakuna mtoto aliyewahi kuiba ugoro wa babu yake akadhani ni biskuti. Ukali wa tumbaku ulikuwa ndio mlinzi wa mlango, unamfukuza mgeni kabla hajaingia. Marashi yamemfukuza mlinzi. Marekani waliliona hilo, mwaka 2009 wakapiga marufuku sigara zenye ladha za matunda na peremende, wakaacha menthol, na sheria hiyo haikuzigusa sigaa. Ulaya wakafuata, na menthol yenyewe wakaitoa kwenye sigara Mei 2020. Hapa kwetu sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Haisemi kitu kuhusu chupa iliyo chini ya kitanda cha kaka.

Na kwa wakubwa wanaodhani moshi wa sigaa usiomezwa hauna neno: mdomo, ulimi na koo vipo njiani, na saratani yake inaanzia hapo hapo. Ugoro na tumbaku ya kutafuna vivyo hivyo. Kukaa miaka mitano kwenye boksi kunalainisha ladha, sumu hakuipunguzi hata tone. Babu mwenyewe ana kidonda cha ufizi kisichopona, nilikiona alipocheka. Nilimwomba aende hospitali ya Haydom wakakitazame, mjukuu wake akaahidi kumpeleka. Mpaka naandika walikuwa wameshaenda mara moja na kupewa tarehe ya kurudi.

Kwa hiyo ongeza kwenye masharti yangu ya kuhifadhi: kufuli. Chupa iwe kwenye kitu kinachofungwa, na ufunguo usining'inie kwenye msumari ule ule wa ufunguo wa choo. Fundi kanunua kisanduku cha chuma cha kuwekea vipuri. Chuma hakinywi harufu, hakiingii mdudu. Nadhani ndicho alichotakiwa kuanza nacho.

Kabla sijaandika safu hii nilipita dukani fulani Katesh, maana nilisikia wanauza sigaa za cheri kwa moja moja. Kweli nikazikuta, zimesimamishwa kwenye glasi juu ya kaunta, ubavuni mwa kopo la pipi na bigijii, urefu wa macho ya mtoto wa darasa la pili. Nikamweleza mwenye duka kistaarabu, shikamoo mama, hizi ziko pabaya. Mama wa watu hakubisha. Akazichukua, akapanda stuli, akazipandisha rafu ya juu kabisa, katikati ya sabuni za unga na dawa ya mbu ya kupuliza.

Nikamwambia, mama, huko nako ndani ya wiki moja zitanuka sabuni.

"Afadhali," akasema, "mwanangu hapendi kuoga."